Kabla Hujanunua Tiketi ya Fenway

Dola 64 nilizotoa kwa tiketi yangu ya kwanza ya Fenway Park zilininunulia nguzo. Nguzo ya chuma, imesimama hapo mbele yangu imeshika paa, haina habari na mtu. Mrushaji nilimwona vizuri kabisa. Aliyekimbia kuelekea kituo cha kwanza nilimwona. Mpigaji, ambaye ndiye kila mtu uwanjani alikuwa anamtazama, sikumwona mpaka nilipojifunza kuegemea bega la mzee wa kushoto kwangu, naye akawa mwungwana, akasogea.

Naanza na hilo kwa sababu wenzetu wanaokwenda Boston muhula ujao kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi wameanza kuniuliza mambo ya uwanja, na swali la kwanza la kila mmoja ni "tiketi shilingi ngapi?" Swali zuri, lakini si la kwanza. La kwanza ni lini unaenda, na la pili unakaa wapi.

Tuanze na lini. Msimu wa Ligi Kuu ya besiboli huanza mwishoni mwa Machi na kumalizika mwishoni mwa Septemba. Kila timu inacheza mechi 162, nusu yake, yaani 81, nyumbani. Kwa sisi tuliozoea Simba na Yanga kukutana mara chache kwa mwaka hiyo ni hesabu ya ajabu: timu inacheza karibu kila siku. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia mechi kubwa. Ukiondoka hapa Agosti una wiki tano au sita tu za msimu, lakini ndani yake kuna jioni nyingi za Jumanne na Jumatano ambazo wenyeji hawazigombanii. Hizo ndizo zako. Usiguse siku New York Yankees wanapokuja. Hao na Boston Red Sox ni watani kama wa kwetu, na bei inapanda kama nauli ya mkesha wa Krismasi. Anayeondoka hapa Januari aangalie Aprili, ila akumbuke kwamba Aprili ya Boston usiku ni baridi ya kuuma vidole. Chukua koti hata kama mchana jua limewaka.

Na saa. Ukiona kwenye tiketi 7:10, bwana, hiyo ni saa 1:10 usiku kwa saa yetu. Unacheka? Mimi nilimwandikia dada yangu nyumbani kwamba naenda mechini saa saba, akanipigia simu katikati ya kipindi cha mchana. Mechi nyingi za jioni huanza kati ya saa 12:45 na saa 1:10, na mageti hufunguliwa kama saa moja na nusu kabla. Nenda mapema. Uwanja mtupu unaojaa polepole ni nusu ya raha yenyewe.

Sasa kiti. Fenway ulifunguliwa Aprili 1912 na ndio uwanja mkongwe kuliko yote 30 ya ligi hiyo. Ukongwe huo ni utamu na ni tatizo. Umebanwa katikati ya mitaa, kwa hiyo umbo lake halina mpangilio unaoeleweka. Upande wa kushoto kuna ukuta wa kijani wenye urefu wa zaidi ya mita 11, unaitwa Green Monster, na chini yake ubao wa matokeo ambao hadi leo namba zake zinabadilishwa kwa mkono na watu waliojificha ndani ya ukuta. Unaingia watu karibu 37,000, kidogo kuliko kwa Mkapa. Watu wa enzi zile walikuwa wembamba pia, nadhani, maana viti vya mbao vya chini ya paa vinabana mapaja. Na huko chini ya paa ndiko ziliko nguzo. Tiketi ya kiti kama changu huandikwa kwamba kuna kitu kinazuia kuona. Iliandikwa. Niliruka kuisoma kwa sababu nilikuwa nahesabu dola.

Ukitaka kuona bei nafuu na mchezo mzima, tafuta viti vya wazi vya nyuma ya uwanja upande wa kulia, visivyo na paa. Uko mbali, ndiyo, lakini hakuna nguzo, na watu wa huko wana kelele nzuri. Kati ya viti hivyo vyote vya kijani kimoja ni chekundu, safu ya 37. Mwaka 1946 Ted Williams alipiga mpira ukatua hapo juu ya kofia ya nyasi ya shabiki, futi 502 kutoka alipopigia, kama mita 153. Nilikwenda kukitazama kiti kile nikageuka kuangalia kule mpira ulikotoka, nikadhani wananitania.

Kabla hujalipa popote, ulizia tiketi za wanafunzi. Red Sox wamekuwa na utaratibu wa kuwauzia wanafunzi tiketi za dola 9, na kitambulisho cha chuo cha kule unacho. Mara nyingi ni za kusimama, na hupatikana kwa baadhi ya mechi tu. Mimi nililijua hili baada ya nguzo. Ukikosa, kuna tiketi zinazouzwa tena na walionunua mwanzo, na bei yake kwa mechi ya katikati ya wiki huteremka kadiri saa inavyokaribia. Angalia jumla ya mwisho, si bei ya mwanzo, maana makato huongezwa mwishoni. Zile 64 zangu zilianza zikiwa 47. Kwa hesabu ya boom hizo 64 ni chakula cha wiki mbili na zaidi. Na usinunue kwa mtu barabarani anayekuonyesha picha ya tiketi. Siku hizi tiketi iko ndani ya programu ya simu, inahamishwa kutoka akaunti hadi akaunti, na picha haifungui geti. Chaji simu.

Begi liache bwenini. Mageti yanakagua, na begi la mgongoni linakurudisha nje. Niliwaona vijana wawili wanabishana na mlinzi mpaka mchezo ukaanza.

Kufika ni rahisi ila kuna mtego. Treni ya Green Line ina kituo kinaitwa Fenway. Usishuke hapo. Shuka Kenmore, inapopita mistari ya B, C na D, kisha fuata watu wenye kofia kwa dakika tano. Nauli ni dola 2.40. Wakati wa kutoka kituo hicho hufurika kama Mbezi saa kumi na mbili jioni, hivyo kama miguu iko salama tembea vituo viwili.

Mchezo wenyewe utauelewa. Wale waliosoma Azania au kupita karibu na uwanja wao wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani wameshaonja. Kila timu inapata zamu tisa za kupiga, zamu inaisha wapigaji watatu wakitolewa, na hakuna sare. Wakifungana wanaongeza zamu mpaka mmoja ashinde. Zamani mechi ilipita saa tatu. Tangu 2023 mrushaji anahesabiwa sekunde, na wastani ukashuka hadi kama saa mbili na dakika 40. Katikati ya zamu ya saba watu wote husimama kuimba na kunyoosha viungo, zamu ya nane wanaimba tena. Wewe simama tu. Chakula kipo tele, bei yake ndo usiseme. Kula kabla. Wenzangu Waislamu, muuzaji wa soseji muulize nyama gani kabla ya kulipa, na usione aibu.

Kuna jambo moja dada yangu aliniuliza waziwazi, na najua wengine mnaliuliza kimoyomoyo: mtu mweusi anakaa kwa amani pale? Historia haifichiki. Red Sox walikuwa timu ya mwisho kwenye ligi kuchezesha mchezaji mweusi, Pumpsie Green, mwaka 1959, miaka 12 baada ya Jackie Robinson kuanza Brooklyn. Na Robinson huyohuyo alifanyiwa majaribio hapo Fenway Aprili 1945, hakuitwa tena. Mei 2017 Adam Jones wa Baltimore Orioles alisema alitukanwa matusi ya kibaguzi akiwa uwanjani na kutupiwa pakiti ya karanga. Timu iliomba radhi, na usiku uliofuata mashabiki walisimama kumpigia makofi. Mwaka mmoja baadaye mtaa wa mbele ya uwanja uliondolewa jina la Yawkey, mmiliki wa miaka ile ya ubaguzi, ukarudishiwa jina la Jersey Street.

Mimi nilikwenda mara tatu, mara moja peke yangu, na sikusikia neno baya. Ushahidi wa mtu mmoja ni mdogo, naujua udogo wake. Nilichofanya ni kukaa karibu na familia zenye watoto, kujua mhudumu wa safu yangu amesimama wapi, na mara ya pili na ya tatu kwenda na wenzangu wa bwenini. Mara ya tatu nilikaa kule nyuma kwenye viti vya wazi, dola 9 zikiwa zimetosha kwa kusimama na mtu mmoja aliyeondoka mapema akaniachia kiti chake. Nilimwona mpigaji.

Atakayefika Boston msimu umekwisha asikate tamaa. Uwanja una ziara ya kama saa moja mwaka mzima, wanakupandisha hadi juu ya ule ukuta wa kijani. Ulizia punguzo la wanafunzi kabla hujatoa kadi.