Dola Mbili na Senti Kumi na Tatu

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akimwachia mhudumu chenji ya bili, anajua anachofanya: anatoa asante. Mshahara wa mhudumu ni deni la mwajiri, bakshishi ni hiari ya mteja, na kila kimoja kina mwenyewe. Marekani mambo hayo mawili yamechanganywa kisheria, na ndiyo maana mgeni anayeinuka mezani mjini Houston bila kuacha asilimia 15 au 20 ya bili huonekana kama mtu aliyekula akakimbia.

Mhudumu wa Houston analipwaje? Sheria ya shirikisho inataka mfanyakazi apate angalau dola 7.25 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu Julai 2009. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwenye mgahawa kutoa dola 2.13 tu kwa mhudumu anayepokea bakshishi, na zile 5.12 zilizobaki zikahesabiwa kuwa zimetoka kwa wateja. Bakshishi zisipofika hapo, mwajiri anatakiwa kuziba pengo.

Tupige hesabu ya wiki ya saa 40. Mwajiri anatoa dola 85.20, ilhali kima cha chini ni dola 290. Basi dola 204.80 za kwanza ambazo wateja wanaziacha mezani wiki hiyo hazimwongezei mhudumu hata senti juu ya haki yake. Zinampunguzia mwajiri deni. Mteja anadhani anamshukuru aliyemletea sahani, kumbe shukrani yake inamlipia kwanza mwenye mgahawa. Hili ndilo ninaloomba msomaji alishike, kwa sababu mabishano kuhusu wateja wakarimu na wateja wabahili hulipita kando.

Mambo hayakuanzia kwenye sheria. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, watu weusi waliotoka utumwani walitafuta kazi, na baadhi ya waajiri wakagundua kwamba mtu anayeishi kwa bakshishi hahitaji kulipwa sana. Kampuni ya Pullman iliwaajiri kwa maelfu kuwahudumia abiria kwenye mabehewa ya kulala. Ujira ulikuwa mdogo na bakshishi ndiyo iliyojaza kibaba. Wahudumu hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, wakapigana miaka 12 hadi kampuni ikatia saini mkataba nao mwaka 1937. Wapo Wamarekani wa enzi hizo walioiona bakshishi kuwa aibu kwa taifa lisilotaka mabwana na watwana: jimbo la Washington liliipiga marufuku mwaka 1909, mengine kadhaa yakafuata, lakini kufikia 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa.

Sheria ya kima cha chini ya mwaka 1938 iliwaacha nje wafanyakazi wa migahawa. Walipoingizwa mwaka 1966, waliingizwa kwa sharti: hadi nusu ya ujira wao ingeweza kuwa bakshishi. Ile 2.13 ni nusu ya dola 4.25, kima cha chini cha 1991. Mwaka 1996 Bunge lilipandisha kima cha jumla na kuiacha 2.13 palepale, na palepale ipo hadi leo.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja moja ya kweli: mhudumu wa mgahawa ghali wa New York anaweza kurudi nyumbani na fedha nyingi kuliko mpishi aliyekaangika jikoni usiku kucha. Danny Meyer alijaribu kufuta bakshishi katika migahawa yake mjini humo kuanzia 2015 ili kupunguza tofauti hiyo; mwaka 2020 akairudisha. Lakini mhudumu wa mgahawa wa kandokando ya barabara kuu hana wateja wa New York. Na wanaosema bakshishi ni kipimo cha kazi nzuri wasome tafiti za Michael Lynn wa Chuo Kikuu cha Cornell, zilizoonyesha kwamba ubora wa huduma una uhusiano mdogo sana na kiasi mteja anachoacha. Nao utaratibu huu unamfanya mhudumu avumilie matusi na mikono ya walevi, kwa sababu anayemtukana ndiye anayemlipa.

Majimbo saba, California na Minnesota yakiwemo, hayaruhusu bakshishi ihesabiwe kuwa sehemu ya kima cha chini. Uingereza iliacha kuruhusu hivyo Oktoba 2009, na tangu Oktoba 2024 waajiri wa huko wanatakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila makato yao.

Kama una ndugu anayehudumia meza Marekani, mwambie aandike kila zamu saa alizofanya na bakshishi aliyopata. Wiki ikiisha ajumlishe bakshishi zote na ule ujira wa mwajiri, kisha agawanye kwa saa alizofanya. Jibu likishuka chini ya kima cha chini kinachotumika katika jimbo lake, mwajiri anadaiwa. Na wewe ukienda huko kutembea, acha bakshishi: ukimnyima mhudumu, sheria haibadiliki usiku huo, na kodi ya nyumba yake inamngoja.