Kidole Nacho Husikia Mwendo

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Aghalabu sisi wenye macho hudhani kwamba mwendo ni jambo la kutazamwa tu. Maabara zimetusuta.

Mwaka wa 1972, Frank Geldard na Carl Sherrick wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walieleza jaribio la ajabu. Vyombo vidogo viliugonga mkono wa mtu haraka haraka, kwanza karibu na kifundo, kisha mbele yake, hatimaye karibu na kiwiko. Vyombo vyenyewe havikuhama. Hata hivyo, mtu huyo alisikia kana kwamba sungura anarukaruka mkononi, akikanyaga hata pasipogongwa. Mwendo huo ulikuwa umeundwa na ubongo.

Ajabu inayokaribiana na hiyo ilikuwa tayari ikiwafaa vipofu. Profesa John Linvill wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye binti yake Candy alikuwa kipofu, aliongoza ubunifu wa mashine iitwayo Optacon. Msomaji alipitisha kamera ndogo juu ya maandishi ya kawaida kwa mkono mmoja; kidole cha mkono wa pili kilitulia juu ya pini 144, zilizopangwa safu 24 zenye pini sita kila moja. Pini zilitetemeka mahali pamoja, lakini kidole kilisikia herufi ikipita. Wanasayansi nao waliitumia kuchunguza jinsi ngozi inavyotambua mwendo.

Utengenezaji wa Optacon ulikoma mwaka wa 1996. Tangu hapo, kompyuta zinazosoma kwa sauti zimeenea, nazo ni neema kubwa. Lakini je, sauti inatosha? Mwanaisimu yeyote atakuambia kuwa kusikia neno si sawa na kukutana na umbo lake. Tahajia, herufi kubwa na mpangilio wa ukurasa ni sehemu ya kusoma, na msomaji kipofu ana haki navyo.

Kiswahili hakikuinyima ngozi heshima hiyo. Tunasikia wimbo, tunasikia harufu, tunasikia baridi. Kitenzi ni kimoja. Basi wanaobuni vyombo vya vipofu wasiishie masikioni. Kidole kimekwisha kuthibitisha kwamba kinaweza kusoma. Kilichobaki ni sisi kukipa cha kusoma.