Kipande cha mfuko hupata bei vipi?

Juzi mpwa wangu alinifuata barazani, hapa Langoni, simu mkononi. Fedha zake za uvuvi ameziweka katika mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Kipande alichonunua kwa shilingi 12 sasa kimeandikwa 11.40. "Mjomba, nimeibiwa?" Alitaka kutoa zote usiku ule ule.

Nikamuuliza kuhusu mashua yao, ambayo wanaimiliki watu wanne. Tuseme mashua, mashine na nyavu vitauzika leo kwa shilingi 550,000, na mkononi wana 50,000. Deni la mashine ni 200,000. Mmoja akitaka kutoka, hapewi robo ya 600,000. Deni hutolewa kwanza. Hubaki 400,000, na fungu lake ni 100,000.

Mfuko hufanya hesabu hiyo hiyo, tena kila siku ya kazi. Soko la Hisa la Nairobi likishafungwa, hisa za Safaricom, za benki na nyinginezo zilizomo huhesabiwa kwa bei ya siku ile, si bei iliyonunuliwa. Huongezwa hati za serikali na fedha zilizo benki. Hutolewa madeni, na ada ya meneja na ya mdhamini (hii wengi hawaioni, kwa kuwa hukatwa kabla bei haijatangazwa). Kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya vipande vyote.

Kwa hivyo bei haipandi kwa sababu wanunuzi ni wengi, kama samaki wakati wa kusi. Mtu akiingia, fedha na vipande huongezeka pamoja. Akitoka, hupungua pamoja. Na kipande cha shilingi 100 si ghali kuliko cha 10. Tazama kilichomo ndani.

Mifuko ya soko la fedha ndiyo huwachanganya watu: kipande hubaki shilingi moja, na faida huongezwa pembeni kila siku. Mpwa alidhani wake ni huo, kumbe ni wa hisa.

Vipande vyake havijapungua hata kimoja. Hisa ndizo zilizoshuka. Hasara ipo, sikumficha, lakini wizi ni jambo jingine. Tuliangalia pia kama mfuko umesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Umo.

Fedha za nyavu, anazozihitaji kabla ya kaskazi, alizitoa. Zilizobaki ameziacha.