Mkate Katikati ya Theluji

Kuunga udugu ni katika amali njema, na mara nyingi amali hiyo hutaka safari. Huku kwetu Pwani, anayetoka Mombasa kwenda Lamu kuwaamkia wazee msimu wa mvua huhofu mafuriko ya Mto Tana. Watoto wetu waliohamia Marekani na Kanada wana hofu nyingine. Mwezi wa Januari, sisi tukiwa katika jua la kaskazi, barabara zao hufunikwa na theluji. Kisa kilichotokea jimbo la Virginia mwaka 2022 chafaa kuzingatiwa na kila nyumba yenye mtu wake ng'ambo.

Jumatatu ya tarehe 3 Januari, wengi wakirejea kutoka likizo, asubuhi ilianza kwa mvua. Wahudumu wa barabara hawakutangulia kumwaga chumvi, ambayo huzuia maji yasigande, kwani mvua ingeiosha yote. Kisha mvua ikageuka theluji nzito. Malori yakateleza na kuziba njia, miti ikaanguka, na kwenye barabara kuu ya I-95, karibu na Fredericksburg, kipande cha kilomita 77 hivi kikafungwa. Usiku ukawakuta watu ndani ya magari, baridi ikigandisha. Miongoni mwao alikuwamo Seneta Tim Kaine, ambaye safari yake ya saa mbili ilimchukua karibu saa 27.

Walikuwamo pia mke na mume waliokuwa wakienda North Carolina kuwaona jamaa zao. Njaa ilipozidi, na watoto wakisikika wakilia katika magari ya jirani, waliona mbele yao lori la mikate. Hawakulivamia. Walipiga simu kwenye kampuni yenye lori, na mwenye mali akamwamuru dereva afungue milango. Wakatembea juu ya barafu, gari kwa gari, wakigawa mikate. Seneta naye alipewa chungwa na familia iliyokuwa ikitoka Florida. Alhamdulillahi, hapakuripotiwa kifo barabarani hapo.

Si kila mara mambo huisha hivyo. Desemba ya mwaka huohuo, tufani ya theluji iliyoupiga mji wa Buffalo iliua watu zaidi ya 40, na baadhi yao walikutwa wamekufa ndani ya magari.

Basi tuwausie wana wetu. Wajaze mafuta kabla ya kutoka, wachukue mablanketi, maji, tende na koleo. Wakinaswa, wasiliache gari na kutembea gizani. Wawashe injini kwa dakika chache tu kila saa, na kwanza waondoe theluji kwenye bomba la moshi, kwani likizibwa, hewa yenye sumu isiyo na harufu huingia ndani na kuua watu usingizini. Dirisha moja liachwe wazi kidogo.

Na dini yetu ni nyepesi kwa msafiri. Aliyevaa khofu zilizotimiza masharti, akiwa na udhu, aweza kupangusa juu yake siku tatu na usiku wake, badala ya kuosha miguu kwenye baridi. Na mwenye safari ndefu ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Anayeruhusiwa wepesi katika swala hapaswi kujitia katika maangamizi kwa sababu ya ziara.

Hapo ndipo penye wajibu wetu sisi tuliobaki. Mara nyingi ni sisi tunaopiga simu na kulaumu: "Mbona hamjaenda kumwona shangazi yenu? Yuko peke yake!" Mtoto husikia aibu, akatia ufunguo garini ilhali serikali imetangaza watu wakae majumbani. Udugu huungwa pia kwa simu, kwa salamu na kwa dua, mpaka njia ifunguke. Mama mwenye hekima humwuliza mwanawe kwanza hali ya barabara, kisha ndipo amwulize atakwenda lini.