Kanuni za Malipo Zinavyopanga Mitaa ya Arusha

Mtalii wa Ujerumani anayetaka kupanda Mlima Meru haulizi tena ofisi iko mtaa gani. Analinganisha bei kwenye SafariBookings au TripAdvisor, anaandikiana na kampuni kwa WhatsApp, na akitua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) gari linamngoja. Ukifuata mantiki hiyo, ofisi za utalii zingekuwa zimeshatawanyika hadi vijijini. Lakini pita Mnara wa Saa, shika Barabara ya Boma, kata Goliondoi, kisha panda mpaka kituo cha mikutano cha AICC. Bado mabango ya safari yanafuatana mlango kwa mlango, na katikati yake zimo benki, maduka ya kubadilishia fedha na wakala wa tiketi za ndege.

Mkusanyiko huo una historia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, majengo yake yakageuzwa kituo cha mikutano cha AICC mwaka uliofuata. Wageni wa mikutano walihitaji magari na vyumba, na waliotoa huduma hizo wakasogea karibu. Chama cha mawakala wa utalii, TATO, kilianzishwa mwaka 1983 na makao yake yakawa humu humu Arusha.

Njia ya kulipia hifadhi nayo ilichangia. Zamani dereva alibeba bahasha ya fedha hadi geti la hifadhi. Zikaja kadi za benki, na mwenye kampuni akalazimika kuwa karibu na tawi la kujazia salio. Mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, GePG, ulioanza mwaka 2017, ukalegeza kamba hiyo: unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, gari linaondoka. Ada ya leseni ya utalii nayo, iliyokuwa dola 2,000 kwa mwaka, ikashushwa hadi dola 500 kwa wenye magari machache. Matokeo unayaona Njiro, Moshono, Sakina na Usa River, ambako sebule ya nyumba imekuwa ofisi na kodi ya pango la mjini imebaki mfukoni. Sijui mpango wowote wa mipango miji uliowahi kuwasogeza wafanyabiashara wadogo kwa wepesi kama huo.

Tatizo ni fedha inayoingia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliupa mkataba wa mtandaoni nguvu ya kisheria, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo, kuwa na mkataba halali hakumaanishi umeshalipwa. Kwa miaka mingi Mtanzania ameweza kutuma fedha kwa PayPal bila kuweza kuzipokea, ilhali Mkenya tangu mwaka 2018 amekuwa akizivuta hadi kwenye M-Pesa. Kampuni ndogo hapa ikabaki na njia ya zamani: malipo ya awali kwa benki, salio kwa dola taslimu mgeni akifika. Dola taslimu inataka duka la kuibadilisha, na duka hilo liko mjini. Kwa hiyo mgeni aliyenunua safari akiwa kitandani kwake Munich anapitishwa Mnara wa Saa kabla ya kwenda popote.

Novemba 2018 Benki Kuu, ikisindikizwa na askari, iliendesha ukaguzi mkali wa maduka hayo Arusha na mengi yakafungwa. Kudhibiti utakatishaji fedha ni wajibu wa serikali. Lakini wenye kampuni ndogo waliachwa wakipanga foleni benki na wageni wao, kwa sababu njia ya malipo ya mtandaoni ilikuwa haijafunguliwa vya kutosha kuziba pengo. Sasa kanuni za Machi 2025 zinataka bei za ndani zitajwe na kulipwa kwa shilingi, na mgeni atumie kadi au abadilishe kwanza. Mwenye mashine ya kadi Njiro atasalimika. Asiye nayo atarudi kupanga chumba mjini, karibu na benki.

Zipo huduma ambazo mtandao hauzigusi. Gereji zinazokata Land Cruiser, kurefusha bodi na kutengeneza paa la kuinuka zitaendelea kukaa pamoja, kwani gari likirudi usiku kutoka Serengeti likiwa na springi iliyovunjika, alfajiri linatakiwa barabarani. Fundi, muuza vipuri na mchomeleaji lazima wafikiane kwa miguu. Wapagazi wa Meru nao kazi yao inaanzia geti la Momella, ingawa orodha ya watakaobeba hupangwa mapema na kampuni iliyopata mteja mtandaoni. Kijana wa Ngare Nanyuki asiyejulikana na kampuni hiyo hapati mzigo, hata kama mlima uko nyuma ya nyumba yao. Hili linaniuma kuliko foleni zote za benki.

Kuna na suala la kodi. Tangu Julai 2022 kampuni za kidijitali za nje zinatozwa kodi ya asilimia 2 ya mapato zinayopata nchini. Nchi inastahili sehemu yake. Swali ni nani anabebeshwa gharama mwishoni, na kwa tovuti zinazouza safari zetu nahofia ni mwenye gari moja.

Halmashauri nazo zina hesabu ya kufanya. Ushuru wa huduma, unaokatwa kwenye mauzo, hulipwa pale biashara ilipo. Ofisi ikitoka Barabara ya Boma kwenda Usa River, inatoka Jiji la Arusha na kuingia Halmashauri ya Meru. Meru inapokea mapato hayo mapya pamoja na barabara za vumbi zinazopitiwa na magari ya safari kila alfajiri. Halmashauri hizo mbili zikae mezani pamoja na Benki Kuu kabla kanuni inayofuata haijaandikwa, na wapagazi wa Momella wawepo.