Je, Wajua? Jina la Mgongoni

Kwenye vibanda umiza, kuanzia Kyela mjini hadi Matema ufukweni mwa Nyasa, mwanasoka Mtanzania Samatta anajulikana. Yussuf Yurary Poulsen je? Mshambuliaji huyu alizaliwa Copenhagen mwaka 1994. Mama Mdenishi, baba mtu wa Tanga aliyefanya kazi melini, akafariki kwa saratani mwanawe akiwa na miaka 6. Mwaka 2013 Yussuf alijiunga na RB Leipzig ya Ujerumani, wakati huo ikiwa daraja la tatu, na mwaka 2016 akapanda nayo Bundesliga. Mabao yake si ya kutisha. Kazi yake hasa ni kuwasumbua mabeki na kugombea mipira ya juu, jasho lisiloandikwa kwenye takwimu. Kombe la Dunia 2018 aliifungia Denmark dhidi ya Peru. Mgongoni palisomeka Yurary, jina la baba.