Kijiji Ndani ya Gogo la Mpingo

Mnamo mwaka 1559 Pieter Bruegel alichora kwa kalamu na wino sikukuu ya kijiji cha Hoboken, karibu na mji wa Antwerp, akatia humo kanisa, bendera na umati wa watu. Lakini mwenye nadhari, akiteremsha macho hadi ukingo wa chini, humwona chale amewashika mikono watoto wawili akiwaongoza, na hapo ndipo wajuzi wengi waanziapo tafsiri, kwamba upumbavu huwaburura wasioweza kujiamulia.

Nawasihi wasomaji wa Nachingwea na Ruangwa, ambao mpingo huota misituni mwao, wakisome kwa nadhari iyo hiyo kinyago cha Kimakonde kiitwacho ujamaa. Jina lake la awali ni dimoongo, na asili yake hunasibishwa na fundi Roberto Yakobo Sangwani, mwenyeji wa Msumbiji, aliyechonga katika miaka ya 1950 mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenziwe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ndipo jina la ujamaa lilipoenea.

Basi tazama: hamna nyumba, wala shamba, wala njia, kijiji kizima ni miili. Fundi ameuondoa kwa tezo ule mti mweupe ulio chini ya gome mpaka kiini cheusi kikadhihiri, kisha kwa patasi akatoboa matundu yapitishayo mwanga baina ya watu, hata unyayo wa huyu ukakaa begani mwa yule, na kiwiko cha yule kikaegemea ubavu wa mwingine, pasipo gundi wala msumari. Kwa rai yangu, ishara kuu haimo katika sura zao bali katika maungio hayo, kwani ukikata mkono mmoja ili umtoe mtu mmoja, humtoi peke yake. Na pale mama anapoonekana akiubeba ukoo, Wamakonde na Wamwera, ambao kwa mila nasaba zao zahesabiwa upande wa mama, hawahitaji kufasiriwa.

Ukienda kukitazama, usisimame mahali pamoja kama mtazamaji wa karatasi, maana kinyago hiki hakina mbele wala nyuma. Kizunguke polepole, upapase mgongo wa yule wa chini kabisa, na huenda vidole vyako vikagusa mkono mdogo wa mtoto, uliochongwa mahali ambapo jicho la mnunuzi mwenye haraka halifiki.